Mwezi Tuliomtembeza Dani

Kila asubuhi gari moshi la Nairobi lilipiga honi mara mbili likiteremka kuingia Kisumu. Honi ya kwanza ilitoka mbali, upande wa Kibos, nyembamba na yenye usingizi. Ya pili ilikuwa nzito, ya karibu, ikitetemesha vikombe kwenye kabati la mama. Mtaani kwetu Kaloleni watu waliifanya honi hiyo saa yao: mwenye kuwasha jiko aliwasha, mwenye kuamsha watoto wa madrasa aliamsha, na mwenye uvivu alijigeuza upande wa pili akasema leo gari limewahi. Lakini mwaka mmoja, katikati ya miaka ya themanini, kwa mwezi mzima wa Agosti, nyumbani kwetu honi ile ilikuwa na maana nyingine kabisa. Ya kwanza ilisema Dani atoke uani. Ya pili ilisema amekwisha kuchelewa, na hapo tulimshika mikono, mimi huku na mdogo wangu Rajabu kule, tukamtoa kwa mlango wa nyuma mbio mbio, viatu vyake nikiwa nimevibeba kwapani.

Dani ndivyo Wajaluo wanavyomwita bibi. Huyu wetu alikuwa mama yake mama, mjane wa Luanda Kotieno, kule ambako watu hupanda feri kwenda Mbita, mwanamke aliyeishi miaka sitini na ushei akianika samaki na kulima mtama. Baba alikuwa Mwislamu wa Kaloleni. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, akaoa huku, akasahau kurudi. Baba alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha mikate, zamu ya usiku, akirejea asubuhi mara tu baada ya honi ya pili, nguo zikinuka hamira, na mkate mmoja wa moto chini ya mkono. Sasa, kwa Wajaluo wa kizazi cha Dani, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe hata mvua ya mawe ikimshukia. Baba alisema kwamba katika dini yake mama mkwe ni mama, hakuna cha kufichana, lakini mgeni huheshimiwa kwa mila yake mwenyewe. Shida haikuwa heshima, maana ilikuwapo tele. Shida ilikuwa nafasi. Tulikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya ua mmoja wenye familia nne, choo na bafu vikiwa mwisho wa ua, na macho, kama wasemavyo, hayana pazia.

Mwaka uliotangulia Dani alikuja mjini kwa ajili ya macho yake, yaliyokuwa yameingia ukungu. Siku ya tatu tu, baba akatoka bafuni na taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni, naye Dani akawa anaingia mlango wa ua kutoka kumwaga maji. Wakakutana pua kwa pua. Baba alirudi bafuni. Dani alirudi Luanda Kotieno. Alipanda basi la mchana bila kuaga, kwa aibu, na wiki iliyofuata daktari wa macho alipoita jina lake hakuwapo wa kuitika. Katika mwaka huo jicho la kushoto likafa kabisa. Mama alipomshawishi kurudi lilikuwa limebaki la kulia, na lenyewe lilikuwa linaona watu kama moshi. Daktari akatoa siku nyingine, Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Dani alifika na lori la samaki siku shule zilipofungwa, wiki nne kabla. Usiku ule mama alinikalisha kitandani, mimi wa miaka kumi, akaniambia bila kupandisha sauti, "Zuhura, wakikutana tena ataondoka. Akiondoka, na jicho hilo limekwenda. Wewe ndiye mkubwa."

Mpango wa mama ulikuwa mzuri kama mipango yote ambayo haijajaribiwa. Dani angelala kwa Bi Zamzam, mjane jirani yetu wa ng'ambo ya ua, na mchana, baba akiwa nyumbani amelala, angekaa humo humo chumbani mlango umefungwa, sisi watoto tukimpelekea chai. Mama mwenyewe alishinda kwenye cherehani yake katika baraza ya duka moja mjini, na Bi Zamzam alishinda sokoni Kibuye akiuza iliki na mdalasini. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dani aliliomba jembe siku ya kwanza. Alipoambiwa Kaloleni hakuna shamba, alikaa kwenye mkeka wa Bi Zamzam, ndani ya chumba kisicho na dirisha, akihesabu mabati kwa kidole, na jioni mama alipoingia akamkuta amekwisha kufunga mzigo wake kwa kamba. "Mimi hapana kuku ya kufungia ndani," alimwambia. Ndipo Bi Zamzam, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasema neno ambalo nimelishika hadi leo. "Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mtoeni akatembee." Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba baba asijue. Angelisikia kwamba mkwewe mwenye jicho moja anavushwa barabara na watoto wawili, angekataa, na angekuwa na haki.

Hatukuwa na pesa ya kumtembeza mtu. Mkono mtupu haulambwi, lakini Kisumu ya siku zile ilikuwa haijajifunza kutoza watu kwa kutazama. Asubuhi ya kwanza, kwa kuwa honi ndiyo iliyotutoa, tuliifuata honi mpaka stesheni. Abiria wa kutoka Nairobi walikuwa wanateremka, macho mekundu, nguo zimekunjamana, wamebeba masanduku na watoto waliolala. Dani alisimama penye njia ya kutokea, akanyoosha mkono, akaanza kuwasalimia mmoja baada ya mwingine. "Oyawore. Oyawore. Habari ya safari? Mmelala?" Kwao mtu akishuka kutoka safari hapiti hivi hivi kama mbuzi, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba hawa si wageni wake. Na wale watu waliitika. Wengine walimshika mkono kwa mikono miwili wakidhani ni mama wa mtu. Mzee mmoja mwenye kofia alisimama akamsimulia jinsi mwanawe wa Nairobi alivyomsahau, na msichana mmoja, ambaye nadhani hakuwa amekuja kupokewa na mtu yeyote, alimkumbatia akalia kidogo kisha akaenda zake. Gari lilipobaki tupu Dani alifuta mikono yake kwenye leso, akasema watu wa Nairobi ni wengi lakini wana adabu. Tangu siku hiyo tulianzia stesheni kila asubuhi, na wiki ya pili mapokezi yalikuwa yake kabisa. Makarani wa stesheni walimwekea kiti.

Baada ya hapo mji wote ulikuwa wetu mpaka jioni, tulipomrudisha Dani chumbani kwa Bi Zamzam angoje baba aondoke kwenda kazini. Tulikwenda kwa fundi wa redio, ambaye alikuwa na spika kubwa mlangoni na hakuweza kutengeneza kitu bila muziki wa benga, tukasimama kivulini tukasikiliza gitaa mpaka fundi mwenyewe akatupa gogo la kukalia. Jumamosi tulikwenda uwanja wa mpira, kwa kuwa dakika za mwisho walinzi walikuwa wakifungua milango, na tukaona bao moja, ambalo Rajabu alimsimulia Dani kwa kelele nyingi hata jirani zetu wa jukwaani wakadhani yamefungwa matano. Tuliteremka ufukweni ambako madereva waliingiza malori ziwani mpaka magurudumu yazame, wakayasugua kwa sabuni na brashi huku wakiimba, maji yakichanganyika na mafuta na kung'aa rangi. Huko ndiko tulikogombana na Dani mara ya kwanza. Jioni za Jumapili watu wa mji huja kukaa kwenye nyasi za bustani na kulitazama ziwa. Wahindi na watoto wao, makarani na wachumba wao, wote wamenyoosha miguu, hakuna anayefanya lolote. Dani aliuliza wanangoja nini. Nikamwambia hawangoji kitu, wanatazama maji. "Maji iko na nini?" akauliza. Kwake ziwa lilikuwa mahali pa kuteka, kufua, kuoga na kuvua, na mtu aliyekaa kando ya nam, yaani ziwa, bila ndoo wala wavu, basi ama ni mgonjwa ama amefiwa. Alitaka twende tukawape pole. Ilinichukua siku nne kumfundisha bibi yangu kukaa bure. Siku ya tano alikaa, akavua viatu, akanyamaza muda mrefu, upepo ukimpuliza, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba nam inanuka vizuri usipokuwa umebeba samaki.

Hata hivyo hakuweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Njiani, kandokando ya reli, aliinama na kupapasa kwa vidole, akachuma mnavu na mgagani, mboga ambazo yeye aliziita osuga na dek, na ambazo watu wa mji walizikanyaga wakienda kununua sukumawiki. Alizijua kwa kuzinusa. Jioni mama alizipika kwa maziwa, na baba alikula kabla ya kwenda kazini, akisifu mboga, asijue zimechumwa na nani. Na mkate wake wa asubuhi nao ulikuwa na safari yake. Jioni tulifungasha nusu nzima kwenye karatasi, kesho yake mchana tukaula ufukweni. Dani, ambaye asingekula hata punje ya chumvi nyumbani kwa mkwewe, aliutafuna mkate wa mkwewe mpaka ganda. Nilipomwuliza, alinieleza kwa subira kwamba mila inakataza kula nyumbani kwake, na hapa si nyumbani kwake, hapa ni kwa Mungu. Basi ikawa hivyo, hawajawahi kusemeshana neno, na kila siku mmoja anamlisha mwenzake. Mimi niliyejua pande zote mbili nilitembea nimejaa kiburi.

Jumanne ya wiki ya tatu tulikuwa tumepanga kwenda kutazama ndege zikitua. Rajabu akakanyaga mwiba penye reli, akapiga kelele za watu kumi na wawili, tukaona uwanja wa ndege hautafikika. Tukakata njia kuelekea bustani ya ufukweni, na tukafika saa tano hivi za asubuhi, saa ambayo kwa kawaida hatukuwa huko. Bustani ilikuwa karibu tupu. Chini ya mjakaranda alikuwa amelala mwanamume chali, gazeti limefunika uso, viatu vimepangwa kando yake vizuri, soksi zimekunjwa ndani. Suruali yake ilikuwa nyeupe na ina unga magotini. Mimi niliijua ile miguu. Nilikuwa nimeikanda mara ngapi, alipokuwa akirudi kutoka kazini ikiwa imevimba. Kabla sijafungua kinywa Dani alikuwa amekwisha kusikia upepo mzuri wa kivuli kile, akajitupa kwenye nyasi hatua tatu kutoka kwa baba yangu, akanyoosha miguu, akashusha pumzi.

Niliona basi la mchana, niliona mzigo uliofungwa kwa kamba, niliona jicho moja likizimika kama taa iliyokwisha mafuta, na yote yangekuwa kosa langu, mimi niliyekuwa mkubwa. Rajabu alikuwa mdogo lakini hakuwa kipofu. Alifungua mdomo, nikasikia "Ba" inaanza kutoka, nikausukuma ule mkate wote kinywani mwake. Akanitazama, akamtazama baba, akamtazama Dani, macho yakawa makubwa kuliko uso, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alielewa bila kuelezwa.

Dani aligeuza kichwa upande wa mkoromo. "Huyu mtu analala mchana namna hii. Hapana nyumba?"

"Labda amechoka, Dani."

"Ama bibi yake amefukuza yeye?"

"Sijui, Dani."

Jua lilikuwa limesogea, na kivuli kikawa kimemwacha yule mtu kuanzia kifuani kwenda chini. Dani akafungua leso yake ya mabegani, akainuka kwa magoti, akapapasa nyasi mpaka mkono wake ukagusa unyayo, na mimi sikuweza kumzuia. Akamfunika. Alianza miguuni akapandisha mpaka kifuani, akaichomeka pembeni kama amfunikavyo mtoto, polepole, asije akamwamsha. "Pumzika, wuoda," akasema, yaani mwanangu. Nilingoja mbingu zianguke. Hazikuanguka, lori moja lilipiga honi huko majini, na baba aliendelea kukoroma. Dani alisimama, akajikung'uta, akasema twende tumwache mtu alale. Nikamkumbusha leso. Akasema atapata nyingine. Tulirudi mjini kwa njia ndefu, nikiwa nimemshika mkono kwa nguvu hata akalalamika, na Rajabu nyuma yetu akichechemea kimya.

Jioni, kabla ya magharibi, baba aliniita kwenye baraza ya mbele. Leso ilikuwa chini ya mkono wake, imekunjwa mara nne. Aliijua, kwa kuwa aliinunua yeye mwenyewe Idi iliyopita akampa mama ampelekee mama yake. Aliniuliza imefikaje kifuani pake. Sikuwahi kumdanganya baba, na siku ile sikuwa na nguvu ya kuanza. Nikamweleza yote, stesheni, fundi wa redio, mboga, mkate, mwiba. Alisikiliza uso ukibadilika, kisha akaniuliza swali moja, tangu lini tunatoka. Tangu siku ya pili, nikamwambia. Hapo akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe yeye, tangu siku ya pili hiyo hiyo, alikuwa akilala kidogo tu asubuhi, kisha akifunga mlango kwa kufuli na kwenda zake bustanini, ili mama wa watu atoke kwenye chumba kile kisicho na dirisha akae uani apate hewa. Hakumwambia mama, maana angelimzuia kwa kuwa hapati usingizi wa kutosha. Karibu wiki tatu nzima nyumba yetu ilikuwa imekaa tupu na kufuli, na watu wazima wawili wakizunguka mji juani, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Alipomaliza kucheka aliniuliza Dani alisema nini wakati wa kumfunika. Nikamwambia. Baba aligeuka akatazama barabarani kwa muda, akajifuta macho kwa kiganja, nami sikujua niangalie wapi kwa kuwa sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Kisha akasema, "Kesho mpeleke gatini saa nne. Meli ya Homa Bay inaingia. Na leso ianike kambani, useme ulirudi kuichukua."

Tangu siku hiyo baba alilala kitandani mwake, na jioni, kabla ya kwenda kazini, alininong'oneza njia ya kesho. Alikuwa amezaliwa mji ule na alikuwa na ramani yake ya vitu vya bure, aliyoichora utotoni kwa nyayo. Kwa hiyo wiki ya nne ikawa bora kuliko zote. Tuliona meli ikishusha ndizi, kuku, vitanda na bibi harusi mmoja mwenye hasira. Tuliwaona swala wakinywa maji ufukweni saa ambayo baba alisema watakuwapo, nao Dani alisimama kimya akisikiliza kwato zao kwenye matope. Tulitembea mpaka Dunga, tukakaa penye mafunjo, tukangoja viboko, na kiboko alipofoka majini Rajabu alipanda mgongoni kwangu bila ruhusa. Ijumaa tulikwenda kwa wazima moto, kwa kuwa baba alijua ndiyo siku wanayojaribu mipira yao ya maji, na upepo ukageuka ukatulowesha wote watatu. Dani alicheka mpaka akakaa chini barabarani. "Nyakwara," aliniambia, yaani mjukuu wangu, "wewe unajua hii mji kama chifu." Nilizipokea sifa zile zote bila haya. Mzigo wake uliofungwa kwa kamba ulikuwa umefunguliwa bila mtu kumwambia, na kanga zake zilikuwa zimetandazwa kwenye kamba ya Bi Zamzam kama za mtu wa mtaa.

Alhamisi alipasuliwa jicho. Walipolifungua, mama alituruhusu tuingie wodini, na mtu wa kwanza ambaye Dani alimwona vizuri alikuwa Rajabu. Alimtazama juu mpaka chini, akasema kwa kelele zile alidhani ni mkubwa zaidi. Mimi aliniambia nina uso wa mama yake. Nililia palepale, mbele ya wagonjwa, na sioni haya kusema hivyo. Siku chache baadaye tulimsindikiza stendi. Mila haimkatazi mtu kubeba mzigo wa mkwewe ilimradi ampe mgongo, basi baba alitangulia hatua ishirini na gunia begani, akalipandisha juu ya basi, akaenda kusimama nyuma ya kibanda. Dani alipokaa dirishani aliniita karibu, akaniinamia sikioni.

"Ule baba wa kwenye nyasi, siku hizi analala nyumbani?"

"Dani, ulijua?"

"Siku ile Rajabu alinyamaza kutoka nam mpaka Kaloleni. Huyu mtoto hapana nyamaza hata kama iko usingizini."

"Na kwa nini hukuondoka?"

Alinitazama kwa lile jicho jipya, lenye machozi kidogo ya dawa. "Nitaondoka niende nione nini? Mimi nilikuwa nataka kuona nyinyi." Kisha akajiweka sawa kwenye kiti, akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa mila, akaongeza kwa ukali kidogo, "Tena uso yake ilikuwa ndani ya gazeti. Sisi hatujaonana." Basi liliondoka. Lilipopita kibanda, Dani aligeuza shingo upande wa pili, na baba, nyuma ya kibanda, alikuwa amegeukia ukuta. Dani aliendelea kuja kila Agosti, miaka mingi, haumwi kitu, anakuja kutembea tu. Hawakuwahi kuonana tena mpaka wote wawili wakaenda kwa Mola wao.

Kisumu ya sasa ni nzuri, sitaki kuisingizia. Barabara zimepanuliwa, watoto wangu hawachoti maji kwa ndoo. Lakini swala wako ndani ya uzio, na mtu hulipa kuwaona. Magugu maji yaliingia ziwani miaka ya tisini, na kuna miezi ambayo ukikaa ufukweni unatazama kijani kitupu. Stesheni sasa hata ukisimama unyooshe mkono, watu watakudhania ombaomba. Heshima nayo imehama mahali. Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa, ni kijana mwema kabisa. Wakija kutoka Nairobi ananikumbatia mlangoni, anafungua friji yangu bila kuuliza, tunakula sahani moja, ananitania kuhusu chumvi. Nampenda, na nisingetaka anikimbie uani na povu masikioni. Ila ifikapo alasiri, tumekaa sote sebuleni, wao wawili wamechoka na safari, hawajapata muda wa peke yao wiki nzima na wanaona haya kuniambia, mimi huvaa viatu. Mkwe wangu huruka kutoka kitini akaniuliza, mama, jua lote hili unakwenda wapi, nikupeleke kwa gari. Namwambia akae. Nakwenda ufukweni, nalipa kiingilio langoni kama watu wengine, nakaa kwenye nyasi mpaka magharibi bila kufanya lolote. Nawaachia nyumba.